Njaa Imekatwa, Hamu Imebaki

Kiswahili kinatenganisha mambo ambayo mizani ya hospitali haiwezi kuyatenganisha. Njaa inauma, hamu inashika. Tunasema "njaa inaniuma" kama tunavyosema jino linaniuma, na tunasema "nimeshikwa na hamu" kana kwamba kuna mkono umetukamata begani. Zaidi ya hamu kuna uchu, na zaidi ya uchu kuna uroho, neno ambalo ukilitazama vizuri utaona ndani yake mna roho, si tumbo. Waliotuachia maneno haya walijua kwamba tumbo linaweza kushiba na roho ikaendelea kutaka.

Miaka mitatu iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na tangu hapo nimeishi ndani ya tofauti ya maneno hayo. Njaa yangu ilikatwa, kwa maana halisi ya kukatwa kwa kisu. Hamu haikuguswa. Ndipo nikaanza kujiuliza swali ambalo vipeperushi vya hospitali havina ukurasa wake: mtu aliyepunguziwa tumbo, akashikwa na hamu ya kaimati, anadaiwa nini? Akila, amekosa nini, na amemkosea nani? Na asipokula, sifa ni yake au ni ya daktari?

Nianze na kisu chenyewe. Upasuaji niliofanyiwa mimi ni ule unaoondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, takriban asilimia 75 hadi 80, na kuacha mrija mwembamba unaofanana na ndizi. Upo mwingine, wa zamani zaidi, ambao daktari hutenga kifuko kidogo kama yai upande wa juu wa tumbo, kisha hukiunganisha na utumbo mwembamba ili chakula kipite njia fupi. Huo wa pili ulianzia Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966, mikononi mwa Edward Mason na Chikashi Ito. Leo si habari za ughaibuni tena. Nairobi upasuaji huu unafanyika, na kwetu Tanzania huduma za kupunguza uzito zinapatikana Mloganzila, kuanzia puto linalowekwa tumboni hadi upasuaji.

Watu wengi hudhani kazi ya upasuaji ni kupunguza nafasi tu, kama mtu anayebadilisha sufuria kubwa kwa ndogo. Kuna zaidi ya hapo. Mwaka 1999 watafiti wa Japani, Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao, walitangaza kugundua homoni iliyoitwa grelini, ambayo hutengenezwa zaidi tumboni na hupeleka ujumbe wa njaa kwenye ubongo. Sehemu inayoitengeneza kwa wingi ni ile ya juu ya tumbo, na hiyo ndiyo inayoondolewa katika upasuaji kama wangu. Kwa hiyo haikupungua nafasi peke yake. Mpiga kelele naye alitolewa nje.

Miezi minne ya mwanzo sikusikia njaa hata siku moja. Nilikula kwa saa, kama mtu anayemeza dawa: vijiko vitatu vya mtindi, supu ya samaki iliyochujwa, yai moja la kuchemsha lililonichukua nusu saa kulimaliza. Kisha ikaja Ramadhani. Sikufunga mwaka ule kwa ushauri wa daktari, lakini jioni nilikaa mkekani na wenzangu. Palikuwa na uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi, na bakuli la kaimati zilizolowa shira. Tumbo langu lilikuwa kimya kabisa. Na nilizitaka zile kaimati kwa namna ambayo sikumbuki kutaka chakula chochote nilipokuwa na kilo 128.

Kama hamu ingekuwa mtoto wa njaa, ingekufa pamoja na mama yake. Haikufa. Nilikuwa nimesikia maisha yangu yote kwamba mtu mnene anasumbuliwa na tumbo lake, na sasa tumbo lilikuwa limeondolewa karibu lote na usumbufu ulikuwa umekaa pale pale, umenikunjia miguu mkekani.

Imam Ghazali, katika Ihya, alitenga kitabu kizima kuzungumzia namna ya kuyavunja matamanio mawili, ya tumbo na ya utupu, na akaliona tumbo kuwa chemchemi ya matamanio mengine. Ni hoja yenye nguvu, na yeyote aliyewahi kufunga kwa nia anaijua: siku ya kumi ya mfungo, mambo mengi uliyodhani huwezi kuyaacha yanalegea yenyewe. Lakini upasuaji umefanya jaribio ambalo wanazuoni wa karne zile hawakuweza kulifanya. Umelinyamazisha tumbo bila kumfundisha mwenye tumbo chochote. Anayefunga huishinda njaa kwa kuizoea siku baada ya siku, na katika kuizoea anabadilika yeye mwenyewe. Mimi nililazwa kwa dawa ya usingizi, nikaamka nimeshanyamazishiwa. Kipimo ambacho Ghazali alikiona bora, yaani mtu ale kiasi ambacho hasikii uzito wa chakula wala maumivu ya njaa, nilikipewa nikiwa nimelala. Kisu kilileta matokeo ya saumu bila malezi ya saumu. Hamu ilipokuja, ilimkuta yule yule iliyemzoea.

Kwa wengi, hapo ndipo hukumu inapotolewa: basi umetumia njia ya mkato. Maneno haya nimeyasikia kwa upole kutoka kwa watu wanaonipenda na kwa ukali kutoka kwa watu wasionijua. Nyuma yake kuna imani kwamba mwili mwembamba ni mshahara, na mshahara usiotolewa jasho ni wizi. Tazama picha za kabla na baada zinavyosambaa mitandaoni. Picha ya kushoto inasomwa kama dhambi, ya kulia kama toba, na kila mtu anataka kujua katikati ulikimbia kilomita ngapi. Ukisema "nilipasuliwa", watu wanajisikia wamedanganywa.

Nadhani wanachanganya mambo mawili ambayo Aristotle aliyatenganisha zamani. Katika maandishi yake ya maadili, mtu anayejizuia ni yule ambaye tamaa inamvuta upande mmoja na akili upande mwingine, na yeye anaifuata akili huku akiumia. Mtu mwenye kiasi ni yule ambaye tamaa yake yenyewe imelelewa hadi haivutani tena na akili. Wa kwanza anastahili heshima, lakini Aristotle alimweka wa pili juu yake. Sisi tumegeuza ngazi hiyo. Tunampigia makofi anayeumia, na tukimwona mtu haumii tunauliza amelipia wapi. Lakini maumivu si ushahidi wa wema. Ni ushahidi wa maumivu tu.

Tena hakuna mtu anayejizuia peke yake. Zanzibar, mchana wa Ramadhani, migahawa mingi ya mjini hufungwa, mtaa mzima umefunga, na adhana ndiyo inayosema sasa. Hakuna anayemwambia aliyefunga kwamba amefanya udanganyifu kwa sababu hapakuwa na chapati ya kumjaribu. Tunajua kwamba utashi wa binadamu ni dhaifu ukiachwa pweke, ndiyo maana tumeujengea miji, kalenda na majirani. Na yule aliyezaliwa na mwili ambao njaa yake inanong'ona tu, anayeweza kusahau chakula cha mchana hadi saa kumi, yeye amepewa bure kile nilichokilipia kwa kisu. Hatumwambii ametumia njia ya mkato. Tunamwambia ana nidhamu.

Hata hivyo sitaki kujipa sifa nisiyo nayo. Mwanafalsafa Jon Elster, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alitumia kisa cha Odysseus aliyewaamuru mabaharia wamfunge kwenye mlingoti ili asikie nyimbo za ving'ora wa baharini bila kuwafuata na kuangamia. Kwake huo ni mfano wa mtu mwenye akili ambaye, akiwa mtulivu, anaufunga mkono wake wa kesho. Ni rahisi kuuona upasuaji kama kamba hiyo. Nami niliuona hivyo, mpaka nilipoijua kamba yenyewe inavyobana, na wapi hailazimishi kitu.

Nyama choma isiyotafunwa sawasawa hukwama. Ugali mkavu hukwama. Chapati hukwama, na kifua hukaza kana kwamba umemeza jiwe. Ndiyo maana tunafundishwa kutafuna hadi chakula kiwe uji, kuanza na protini, na kutokunywa maji pamoja na mlo bali kusubiri kama nusu saa. Lakini aiskrimu huteleza. Chokoleti huteleza. Biskuti iliyochovywa kwenye chai huteleza, na krispi za viazi huyeyuka mdomoni zikapita kama hazikuwahi kuwa kitu. Vyakula vilivyonikuza, vya jikoni kwa mama, vinasimamishwa mlangoni na kuulizwa vitambulisho. Vya dukani, vya sukari na mafuta, vinapita kwa mlango wa nyuma. Odysseus alifungwa kamba akasalimika. Mimi nimefungwa kamba inayonizuia kula ugali na kuniacha huru mbele ya ving'ora.

Wenzangu waliopasuliwa kwa njia ile ya kifuko wana mlinzi wa ziada. Sukari nyingi ikiteremka haraka kwenye utumbo mwembamba, ndani ya nusu saa hivi moyo huanza kudunda kwa kasi, jasho hutoka, tumbo husokota, kichwa huzunguka. Kwa wengine, saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu hushuka na mikono ikatetemeka. Wenye upasuaji kama wangu yanaweza kutupata pia, ila si kwa kiwango kile. Mwenzangu mmoja wa kliniki aliniambia anaishukuru adhabu hiyo, kwa sababu inamwekea mpaka. Namwelewa. Lakini mtoto asiyeiba kwa sababu ya fimbo hajawa mwaminifu bado, amekuwa mwerevu. Siku fimbo ikivunjika, na miili huzoea mambo mengi, tutajua ni yupi kati ya hao wawili aliyekuwa akikaa na sisi.

Kwa hiyo upasuaji haukuliondoa swali la maadili. Uliondoa kelele zilizokuwa zikilifunika. Zamani ningeweza kusema njaa ndiyo iliyonisukuma, na ingekuwa kweli. Sasa nikiinyoshea kaimati mkono, ni mimi.

Lakini "ni mimi" maana yake nini? Je, ni mimi mwovu? Tuangalie tunavyoihukumu hamu inapokaa katika miili mingine. Mjamzito akishikwa na hamu ya embe bichi saa nne usiku, mume anavaa kandambili anatoka kwenda kulitafuta, na majirani wanacheka kwa furaha. Hakuna anayemwambia ajizuie. Mgonjwa aliyelala wiki mbili bila kugusa sahani akisema, "Nina hamu ya supu ya kuku," nyumba nzima inachangamka na mama anasema alhamdulillahi, mtoto amepata hamu ya kula. Hapo hamu ni dalili ya uhai kurudi. Sasa mweke mtu mnene mkekani, au aliyekuwa mnene, aseme neno lile lile: nina hamu ya kaimati. Watu wanatazamana.

Hamu ni ile ile. Kilichobadilika ni mwili unaoibeba. Kwa mjamzito tunaiita haki, kwa mgonjwa neema, kwa mnene aibu. Ukiona kitu kimoja kinapewa majina matatu kwa kutegemea umbo la anayekisema, jua kwamba hukumu yetu haikuwa juu ya hamu hata kidogo. Ilikuwa juu ya mwili, na ilikuwa imeshatolewa kabla mtu hajafungua mdomo.

Simaanishi kwamba hamu haina madhara. Mwaka 2012 utafiti uliofanyika Marekani, uliowafuatilia karibu wagonjwa 2,000 wa upasuaji huu, ulionyesha kwamba katika mwaka wa pili baada ya upasuaji matatizo ya ulevi yaliongezeka, hasa kwa waliopasuliwa kwa njia ya kifuko. Sehemu ya sababu ni ya kimwili, kwani pombe huingia kwenye damu haraka zaidi kuliko mwanzo. Lakini wengi wanaowahudumia wagonjwa hawa wameona pia kwamba kilichokuwa kikitulizwa kwa chakula hutafuta kitulizo kingine mlango wa chakula unapofungwa. Na Uswidi, utafiti ulioanza mwaka 1987 na kuwafuatilia watu zaidi ya 4,000, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa, umeonyesha mambo mawili ambayo lazima yasemwe pamoja: waliopasuliwa walipungukiwa na hatari ya kufa mapema, na baada ya mwaka wa kwanza sehemu ya uzito uliopotea ilianza kurudi taratibu. Kwa hiyo anayesema "kula tu, umeshapasuliwa" anakosea. Kitamu cha kila siku kina hesabu, na hesabu hiyo inalipwa.

Wengine hujibu kwamba dawa basi ni kukata kabisa: hakuna kaimati, hakuna soda, hakuna keki ya harusi, milele. Kwa mtu mmoja mmoja hilo linaweza kuwa njia nzuri, na simkatazi. Lakini kama kanuni ya kuishi, linasahau namna nafsi inavyofanya kazi. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, kati ya 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa muda wa miezi sita, ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu walioumizwa na njaa ya vita. Vijana wale walianza kuota chakula, kukizungumzia mchana kutwa, na kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Walikuwa na njaa kweli, mimi sina, kwa hiyo hatufanani kila kitu. Lakini wanatufundisha kwamba kitu kikiondolewa mezani hakiondoki nyumbani. Kinaweza kuhamia kichwani, na kichwani hakuna sahani ya kukipimia.

Kuna pia sababu nyingine ya kutotaka kukata kila kitu, na hii haimo kwenye vitabu vya lishe. Kwetu chakula hakiliwi kwa ajili ya mwili tu. Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji nilikwenda Tanga kumsalimia shangazi. Alipika pilau, akatengeneza kachumbari, akachoma samaki, na mwisho akaleta visheti alivyovikaanga kwa ajili yangu. Nilikula vijiko vitatu.

"Shangazi, nimeshiba."

"Umeshiba nini, mwanangu? Hata mkono hujaulowesha."

Maisha yangu yote nilikuwa nimelitumia neno "nimeshiba" kama adabu. Mtu husema ameshiba ili asionekane mroho, mwenyeji humkatalia, mgeni huongeza kidogo, na wote wawili wanakuwa wameambiana kwamba wanapendana. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilikuwa nikisema kweli tupu, na kweli ile ikasikika kama tusi. Uso wa shangazi ulibadilika. Nilimweleza kuhusu upasuaji, akanisikiliza kwa makini, akasema, "Haya, kula kimoja tu basi, nijue umekuja kwangu."

Nilikula kisheti kimoja. Nilikitafuna polepole mpaka kikaisha, shangazi akinitazama, na tulizungumza habari za marehemu baba. Sijawahi kukihesabu kisheti kile kama anguko. Katika sahani ile palikuwa na mambo mawili, sukari na undugu, na mimi nilikuwa na nafasi ya kijiko kimoja. Kukataa kungekuwa kulinda tumbo na kuumiza kitu ambacho tumbo lilipaswa kukitumikia.

Lakini kisheti kile kile, kikiliwa saa sita usiku, mlango umefungwa, mtu anatazama simu bila kuona kilichomo, ni kitu kingine. Kalori zake ni zile zile. Kilichopungua ni mtu. Hapo ndipo ninapoanza kupata jibu la swali langu. Nadhani jambo la kimaadili katika kitamu halimo ndani ya kitamu, wala halimo katika wingi wake peke yake. Limo katika kuwepo. Je, mwenye kula yupo? Anajua anachokula, anakihisi ulimini, anaweza kukiacha kikiwa nusu? Au hamu inakula, na yeye ameondoka akaicha ikamwakilisha?

Neno letu la jambo hili ni kiasi, na nalipenda kwa sababu lina maana mbili. Kiasi ni kipimo, kama kiasi cha sukari. Kiasi pia ni tabia, kama tunavyosema mtu ana kiasi. Upasuaji hutoa kiasi cha kwanza. Tumbo likawa dogo, kipimo kikawa kidogo, basi. Kiasi cha pili hakiwekwi na daktari, kwa sababu hakikai tumboni. Hujengwa kama vile mtoto anavyofundishwa kushika kikombe: mara nyingi, polepole, akiwa amekaa na watu.

Ushauri maarufu unasema ukishikwa na hamu jiulize unachokitaka hasa, kwa sababu huenda ni upweke, huenda ni uchovu, huenda ni kiu. Ni ushauri mzuri, na mara nyingi nikiuliza napata jibu: nataka kulala, nataka kumpigia mama, nimekaa ofisini tangu asubuhi bila kunywa maji. Lakini ushauri huu una jeuri kidogo pia, kana kwamba mtu aliyekuwa mnene hawezi kutaka kitu kitamu bila kuwa na jeraha lililojificha. Mwembamba akitaka kaimati, anataka kaimati. Mimi nikizitaka, natafutiwa msiba. Baada ya kuuliza yote, kuna siku jibu linalobaki ni kaimati tu, kwa sababu ni tamu, kwa sababu nje ni laini na ndani ni moto, kwa sababu ni Ramadhani. Siku hiyo nakula moja, mbili nikiweza, nikiwa nimekaa, na simwombi mtu msamaha.

Sehemu yangu ya wajibu ni hiyo: niwepo, nisijifiche, na nisiuite udhaifu kile ambacho ni uhai, wala nisiuite uhai kile ambacho ni kukimbia. Ni kazi ya kila siku na sina hakika kama kuna siku itakwisha. Lakini wajibu huu hauwezi kubebwa na mtu mmoja, na hapa nageuka kwako wewe unayekaa naye mkekani.

Siri haizaliwi na hamu. Inazaliwa na macho. Mtu huanza kula gizani siku anapogundua kwamba mwangani kila tonge lake linahesabiwa. Unapomuuliza aliyepasuliwa, mbele za watu, "Daktari amekuruhusu hicho?", unadhani unamsaidia kujizuia, na kumbe unamfundisha kusubiri uondoke. Unapomwambia, "Ah, kidogo tu, hutakufa," ukamjazia sahani baada ya kusema ameshiba, unamwambia kwamba neno lake halina thamani. Wa kwanza hamwamini anapotaka, wa pili hamwamini anapokataa. Wote wawili wamemnyang'anya kitu kile kile, yaani uwezo wa kusema kweli kuhusu mwili wake na kuaminiwa.

Nimefika mahali ambapo sisubiri tena siku hamu itakapoondoka. Nikikumbuka nyumba zile ambamo mgonjwa alitaja supu na watu wakashukuru, sioni kwa nini shukrani ile iwe ya wengine tu. Nilipasuliwa ili niishi, na aliye hai hutaka vitu. Kwa hiyo, bakuli likizunguka mkekani na likamfikia mwenzako aliyepunguziwa tumbo, lipitishe kama unavyompitishia mtu mwingine yeyote. Akichukua moja, endelea na mazungumzo. Akisema ameshiba, mwamini, na upeleke bakuli mbele.